Redio Iliyomnyamazia Mama Mkwe

Pale gereji walimwita Mama Waya. Alikuwa ameacha cherehani kwa sababu ya mgongo, akajifunza kufunga redio na spika za magari, na sasa alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye kazi hiyo. Alijivunia kwamba gari halirudi kwake mara mbili kwa ugonjwa uleule.

Hili la kijivu lilikuwa limerudi mara ya tatu.

"Inakata, fundi," alisema mwenye gari, mwanamume mpole. "Ikitaka inaimba, ikitaka inanyamaza."

Mama Waya akawasha. Muziki ukamwagika mpaka vioo vikatetemeka. Akapima umeme wa amplifaya, ile ya kukuza sauti, iliyofungwa chini ya kiti cha abiria, ulikuwepo. Akachomoa waya unaoleta sauti kutoka kwenye redio, akasafisha ncha zake, akaurudisha. Akaunganisha simu yake moja kwa moja kwenye amplifaya, ikaimba. Kila kitu kizima, gari bovu! Akajikuna kichwa. Utamtibu vipi mgonjwa anayecheka?

"Inakata ukiwa wapi? Kwenye mashimo?"

Yule bwana akapunguza sauti. "Nisikufiche. Inakata nikiwa na mama mkwe."

"Ana sumaku?"

"Sijui, fundi. Akipanda, kimya. Akishuka, inaimba."

"Basi kesho njoo naye."

Kesho yake akashuka mama mmoja mnene, mkoba kwapani. Mama Waya akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba. Alitafuta maneno ya heshima ya kumwomba mtu mzima apande na kushuka kama mtoto, akayakosa.

"Mama, naomba ukae."

Akakaa. Kimya.

"Naomba ushuke."

Muziki huo! Wakafanya hivyo mara nne, na kila mara Mama Waya alizidi kuchanganyikiwa. Mara ya tano, mama alipokaa, Mama Waya akalala kifudifudi na tochi, akaona. Springi za kiti zilishuka, zikaukandamiza waya wa sauti kwenye ukingo wa chuma. Ganda lilikuwa limechubuka, shaba ikawa inagusa bodi ya gari, na sauti ikafia hapohapo. Akafunga waya mpya, akaupitisha pembeni, chini ya zulia.

Mama akakaa tena. Spika zikanguruma. Akaziba masikio.

"Mwanangu! Kumbe ilikuwa mbovu?"

"Ndiyo, mama. Imepona sasa," akajibu Mama Waya.

"Nami nimewatambia dada zangu wote kwamba mkwe wangu ana adabu, nikipanda tu anazima redio!"

Mkwe akanyoosha mkono upesi. Akazima redio. Wakaondoka kimya, na hakuna aliyekumbuka kusema asante.

Jioni Mama Waya alimsimulia mumewe.

"Kwa hiyo umetengeneza au umeharibu?" mume akauliza.

Mama Waya akaweka kijiko chini.

"Waya nimetengeneza," akasema. "Hayo mengine hata sijui."