Miwani Juu ya Kabati

Alijiwekea sharti moja tu alipoanza kwenda uwanjani: atapiga kelele kama wengine, atamzomea refa kama wengine, lakini hatatamka neno ambalo mke peke yake ndiye angelijua. Refa huyo alikuwa mume wake, na jukwaani hakuna aliyelijua hilo.

Siku za kazi alikuwa muuguzi katika wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati. Huko mlango hufungwa kwa viganja viwili usigonge, na anayeangusha kijiko hutazamwa kana kwamba ameangusha ukuta. Kwa miaka kumi na mmoja alinong'ona. Aliwanong'oneza akina mama habari njema, akawanong'oneza na zile nyingine, kisha akanawa mikono na kuendelea na zamu. Wenzake walimwita Dada Polepole.

Nyumbani nako hapakuwa na kelele. Mume wake, karani wa masjala, hakuwa mlevi wala mkatili. Soksi zake nyeupe za uwanjani alizifua mwenyewe na shati lake jeusi alilipiga pasi mwenyewe. Ila mazungumzo yakianza kumchosha aliinua kiganja na kusema, "Nimeshaamua." Maneno yakaishia hapo, yawe ya pazia au ya shule ya watoto.

Mara ya kwanza mke alikwenda uwanjani kumpelekea mumewe chupa ya maji aliyoisahau. Mlango wa waamuzi ulikuwa umefungwa, akaketi jukwaani. Dakika ya ishirini mumewe akapuliza filimbi pasipo na kosa, jukwaa likasimama, naye akajikuta amesimama. "Wewe huoni!" Sauti hiyo hakuitambua kuwa ni yake. Mumewe akageuka, akamtazama usoni kabisa, akarudi mchezoni. Hakumwona.

Wiki hiyohiyo, mke akitafuta shuka juu ya kabati, alikuta miwani ya fremu ya kahawia ndani ya boksi la viatu. Akaelewa. Chama cha waamuzi kilikuwa na kanuni: asiyeona vizuri bila miwani hachezeshi. Herufi za kupimia macho mumewe alikuwa amezikariri. Alikuwa na filimbi kwa miaka kumi na sita, na hakuna kingine alichowasimulia wageni kwa furaha. Mke akarudisha boksi mahali pake, akanyamaza.

Hapo wote wawili walikosea, na mume ndiye aliyetangulia. Asiyeuona mpira hana haki ya kuwaamulia watu ishirini na wawili wanaoutolea jasho.

Tangu hapo kila Jumamosi mke aliaga kwamba anakwenda kwa dada yake, akaenda uwanjani. Fundi baiskeli mmoja alimwekea nafasi kando yake, na jukwaa likampa jina: Spika.

"Spika, koo liko tayari?"

"Tayari, fundi. Leo refa atalala na pamba masikioni."

"Maskini mke wake!"

"Huyo mke apewe kombe."

"Kombe na likizo!" fundi akamalizia, na safu nzima ikacheka.

Upande wa pili walimpigia kelele, "Mama, nenda ukapike!" Naye akawajibu, "Nimeshapika, wanangu, leo mnaliwa nyinyi!" Jumatatu aliingia wodini mabega yakiwa mepesi, na mkono wake haukutetemeka kwenye mishipa myembamba ya wale watoto. Mimi si mtetezi wa kuzomea watu. Lakini aliyemeza vilio vya wodi nzima lazima apate mahali pa kuvitema, na nyumbani kwake mahali hapo hapakuwapo.

Kisha ikaja barua. Alikuwa amechaguliwa kwenda kusoma miezi tisa, kozi ya uuguzi wa watoto njiti, jambo aliloliomba miaka mitatu mfululizo. Ijumaa jioni aliiweka mezani mbele ya mumewe. Mume akaisogeza karibu na uso, akaisogeza tena, akaiweka chini bila kuisoma.

"Miezi tisa ni mingi."

"Baba, soma kwanza mpaka mwisho..."

Kiganja kikainuka. "Nimeshaamua. Huendi."

Kesho yake timu ya nyumbani ilifunga bao zuri, mpira ukitulizwa kifuani kabla ya shuti. Filimbi ikalia: eti umegusa mkono. Nahodha akamkimbilia refa kulalamika. Refa akainua kiganja, kilekile, na hata kutoka jukwaani midomo yake ilisomeka: nimeshaamua.

Mke akasimama juu ya benchi.

"Kila kitu umeamua wewe! Vaa miwani yako! Ile ya kahawia, uliyoificha kwenye boksi la viatu juu ya kabati!"

Kelele zikakatika. Fundi baiskeli akamgeukia, mdomo wazi.

"Dada, ya kabatini umeyajuaje?"

Kutoka nyuma mtu akaropoka, "Kumbe refa ni wa Spika!" Jukwaa likalipuka kwa kicheko. Uwanjani refa alikuwa ameshaitambua sauti. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa shati, kama wa mtu anayehakikisha miwani haipo. Kamisaa wa mchezo, yule anayeandika ripoti, aliuona mkono ule. Baada ya mechi alimsimamisha katikati ya uwanja na kumwomba asome namba za jezi zilizoanikwa golini. Hakuweza kusoma hata moja.

Jumapili asubuhi mume alilishusha boksi, akavaa miwani, akamtazama mkewe kwa muda mrefu.

"Ungeniambia hapa nyumbani, mama."

"Nikikuambia hapa unainua kiganja."

Mikono ya mume ilibaki mezani. Akaivuta ile barua na kuisoma mpaka mwisho, mstari kwa mstari.

"Wanataka uripoti tarehe mosi," alisema.

Mke alikwenda kozi, akaimaliza. Jukwaani hakurudi tena; nafasi kando ya fundi baiskeli ilichukuliwa na mtu mwingine. Sharti moja lililovunjwa lilimgharimu mumewe filimbi ya miaka kumi na sita, na yeye mwenyewe mahali pekee alipowahi kupaza sauti.