Siku Sauti Yangu Ilipowakimbiza Watu wa Mulongwe

Kazi yangu ni kusoma komunike, matangazo ya watu, kwenye radio ndogo ya hapa Uvira. Msiba Kilibula, ng'ombe aliyepotea Luberizi, kadi ya mpiga kura iliyookotwa njiani, harusi, mkutano wa wazazi. Watu wengi wananijua kwa masikio tu. Nikiuliza bei ya mihogo sokoni, muuzaji huinua kichwa na kusema, "Kumbe iko weye?"

Kisha telefone zikajaa mikononi mwa watu. Siku hizi anayefiwa anarusha habari kwenye grupe la familia kabla hata maiti haijaoshwa, na meza yetu ya kupokelea komunike ikabaki na vumbi. Mkuu wa radio alitaka kuifuta saa yangu ya hewani. Nilikataa. Nilimwambia huko juu milimani kuna wachungaji wanaolisha ng'ombe radio ikiwa begani, na hao hawamo kwenye grupe lolote. Akaniachia, shingo upande.

Asubuhi moja ya mvua nilikuwa nyumbani nachambua mchele. Mume wangu akaingia, ameshika telefone yake kana kwamba inamuunguza.

"Ulisema hii saa ngapi?"

Akabonyeza. Nikasikia: "Ndugu zetu wa Mulongwe, maji yametoka mlimani. Acheni vyote. Kimbieni sasa hivi." Ilikuwa sauti yangu. Namna yangu ya kuvuta neno "ndugu", hata pumzi ninayochukua kabla ya habari mbaya.

"Sikusema mimi."

"Lakini ni weye."

Sikumlaumu. Kwa kitambo hata mimi nilijiuliza kama nilisema nikasahau. Kisha hasira ikanipanda, hasira ya mtu anayekutana na mwizi barabarani amevaa nguo zake.

"Kuna mashini siku hizi," mume wangu akasema polepole. "Zinamsikiliza mtu kidogo tu, kisha zinaongea kama yeye."

Nilifunga kitenge nikatoka. Watu wa Mulongwe wanayajua maji. Mto unaopita kwao umewahi kubeba nyumba zao, kwa hiyo hakuna anayesubiri kuambiwa mara mbili. Nilikutana nao wanapanda mwinuko, magodoro kichwani, watoto wanaburutwa, mbuzi wanalia. Nikapaza sauti: "Rudini! Ni uongo! Radio haikusema hivyo!"

"Usitucheleweshe, mama," mwanaume mmoja akaniambia akinipita. "Muke wa radio ameshasema."

Nilifika kwenye kingo. Maji yalikuwa mazito ya tope kama kila siku ya mvua, lakini hayajavuka popote. Kando ya mfereji nikamkuta mama muuza samaki ninayenunua mikeke kwake. Alikuwa ameanguka akikimbia, mkono umevunjika. Nilikaa kwenye matope nikamshika. Alinitambua mara moja.

"Miye sikuangalia hata muto," akasema. "Nilisikia weye, nikaamini."

Nilimpeleka hospitali kwa pikipiki. Tuliporudi tulikuta mlango wake umevunjwa. Masufuria, godoro, vikapu vya samaki, vyote vimebebwa. Na haikuwa nyumba yake peke yake.

Mkuu wa radio akaniita.

"Baki nyumbani kwanza. Sauti yako imechafuka. Komunike zitasomwa na ordinatere," akaonyesha kompyuta mezani, "iko na programu ya kusoma."

"Shefu, mimi ndiye niliyeibiwa. Aliyeibiwa ndiye anafungiwa ndani?"

"Batu hawatakuamini tena."

"Basi nitawauliza wenyewe."

Kesho yake nilienda sokoni, nikapanda juu ya kreti tupu ya bia. Sikuwa na maikro. Nikasema mimi ni nani na nini kimetokea. Mtu akapiga kelele, "Muongo!"

"Sogea karibu unione mdomo," nikamjibu. "Uliza unachotaka."

Akasogea, na wengine nyuma yake. Waliniuliza maswali mengi, mengine ya matusi, nikajibu yote. Kisha akaja mama wa mikeke, mkono umefungwa kitambaa.

"Kesho nikisikia tena sauti yako mu telefone, nitajua aje kama iko weye?"

Nikashuka kwenye kreti nikamsogelea.

"Hautajua," nikasema. "Hata mume wangu hakujua. Kwa hiyo habari ya kukimbia usiipokee kwangu kwa telefone, hata ukinisikia nalia. Tazama mto. Sikiliza kengele ya kanisa, sikiliza kipaza sauti cha msikiti. Pale kuna mtu unayemjua, unaweza kwenda kumkamata shati."

Hakupiga makofi. Alitikisa kichwa akaondoka. Lakini wiki ile mchungaji wa kanisa na shehe walikubaliana kutoa onyo wao wenyewe, na wanawake wanaofua nguo upande wa juu wa mto wakakubali kuwapasha habari maji yakibadilika.

Ordinatere nayo ilisoma. Siku moja ikasoma jina la marehemu la Kifuliiru vibaya kiasi kwamba ndugu zake hawakulitambua. Mjane alikuja radioni na watu wake wote. "Mumemuua mume wangu mara ya pili," alimwambia mkuu. Mkuu akatuma mtu kuniita.

Nilimwambia nitarudi akishawaomba watu wa Mulongwe radhi hewani, yeye mwenyewe, kwa sababu siku ile radio ilikaa kimya badala ya kukanusha. Alikasirika, akazunguka meza, mwisho akaomba radhi hewani, nami nikarudi.

Aliyetengeneza sauti ile hajajulikana, na bado inazunguka. Juzi ndugu yangu aliye Bujumbura alinitumia, akiuliza kama tumeshakimbia. Wengine wananishauri nipunguze kusema ili wezi wakose cha kuchukua. Nimekataa. Nimeongeza. Kila Jumamosi nasoma komunike zote za wiki upya sokoni, kwa mdomo mtupu, na anayetaka kubisha anabishia pale pale, macho kwa macho.