Koni Chini ya Dirisha la Malachy

Fergal Kilbane alikuwa mbishi tangu tumboni, na kaka yake Malachy ndiye mtu pekee aliyeweza kumcheka usoni kwa ubishi huo na asipigwe. Walitoka Mayo, huko magharibi ya Ireland, wakiwa vijana wenye sanduku moja kati yao wawili, wakaja Birmingham kumwaga lami. Wakaimwaga kweli. Ile barabara ya mzunguko inayolizingira jiji, kuna vipande vyake ambavyo Fergal hadi uzeeni aliweza kukuonyesha kwa kidole: hapa tulinyeshewa, hapa Malachy aliungua mkono, hapa msimamizi alitutukana wazazi wetu nasi tukajifanya hatujui Kiingereza.

Kazi iliwapa mshahara, kisha ikachukua chake. Kwa Fergal ilichukua goti la kulia. Kwa Malachy ilichukua kifua, kwa sababu yeye ndiye aliyekaa nyuma ya mashine za kushindilia, akila moshi wa dizeli asubuhi hadi jioni.

Malachy hakuoa. Aliishi Digbeth, ndani ya mzunguko huo, ghorofa ya tatu, na chini ya dirisha lake palikuwa na nafasi ya gari moja tu. Fergal, aliyefiwa na mkewe mapema, alikaa Sparkhill, nje kidogo ya mzunguko. Kila Jumapili baada ya misa aliendesha gari kwenda kwa kaka yake. Ili nafasi isichukuliwe na mtu, Malachy aliweka koni ya barabarani, ile ya plastiki ya kuzuia magari, asubuhi na mapema. Koni yenyewe aliiiba kazini siku ya kustaafu, akaificha ndani ya koti, kana kwamba koni ni kitu cha kufichika ndani ya koti. Akisikia gari la mdogo wake linakuja, alishuka, akainyanyua koni na kuinama kama bawabu wa hoteli.

"Karibu bwana mkubwa. Nafasi yako ya heshima hiyo."

"Toka hapo nisikukanyage, mzee."

Wakapanda juu, Malachy akakaanga soseji na mayai, akakata mkate wa magadi, akamimina chai nyeusi ya kusimamisha kijiko, kisha wakakaa kusikiliza redioni timu ya Mayo ikifungwa. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yao, na hawakuwa na nyingine.

Hata gari lilinunuliwa wakiwa pamoja. Muuzaji aliwaonyesha la dizeli, akalisifu kwamba halinywi mafuta. Malachy akatikisa kichwa.

"Dizeli tumeivuta bure maisha yetu yote, leo tukainunue? Chukua la petroli, mdogo wangu. Kifua kitakachokaa kiti cha pembeni ni hiki changu."

Fergal akachukua Toyota ndogo ya petroli. Haikuwa mpya hata siku hiyo, nayo ikazeeka pamoja nao, kutu ikaanza kwenye milango na kupanda.

Kisha yakaja mabango ya kijani yenye picha ya wingu. Jiji lilitangaza eneo la hewa safi: ukizunguka kwenye barabara ya mzunguko hudaiwi kitu, lakini ukiivuka kuingia ndani na gari lenye moshi mchafu, unalipa pauni nane kwa siku. Kamera zinasoma namba. Usipolipa, faini inakufuata hadi mlangoni.

Klabuni kwa watu wa Mayo habari ilipokelewa kwa matusi. Packie Durkan, fundi bomba mstaafu ambaye hakuwahi kukaa kimya kwenye jambo asilolijua, alimgeukia Fergal.

"Lile lako? Lina kutu mpaka kwenye honi! Wewe utalipa mpaka uzikwe, na jeneza nalo watalitoza."

Wote wakacheka. Fergal hakucheka. Alitoka pale akiwa ameapa kwamba hatalipa hata senti kupita juu ya lami aliyoimwaga mwenyewe. Pauni nane alikuwa nazo, tena alikuwa akizimaliza kwa bia bila kuhesabu. Kilichomchoma ni kudaiwa.

Binti yake Gráinne, aliyekuwa mwalimu huko Leeds, alimpigia simu.

"Baba, si kila gari linalipa. Wengi hawaelewi tu. Nitajie namba nikuangalizie kwenye simu, dakika moja haifiki."

"Namba ya gari langu siwapi."

"Humpi mtu, Baba. Unaangalia tu."

"Kuangalia ni kuomba ruhusa. Niombe ruhusa kwenda kwa ndugu yangu?"

"Basi panda basi."

"Nipande basi ili iweje? Wajue wamenishinda?"

Hapo ndipo mtu angetamani kumshika masikio yote mawili. Lakini Gráinne alikuwa mbali, na masikio yale yalikuwa ya Kilbane.

Malachy hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba siku hizi anafungua dirisha. "Nasikia ndege, Fergal. Sikujua Digbeth ina ndege."

"Kwa hiyo uko upande wao."

"Mimi niko upande wa mapafu yangu. Tulia. Kama wewe huteremki, mimi nitapanda."

Ndivyo Jumapili zilivyobadilika. Fergal aliegesha gari Camp Hill, kwenye uchochoro ulio nje kidogo ya eneo la kulipia, akiwa na chupa ya chai na mikate ya soseji iliyofungwa kwenye karatasi. Malachy alipanda kilima kwa miguu, akavuka barabara ya mzunguko kwenye taa, akaingia kiti cha pembeni. Walikula wakitazama kioo kikipata ukungu. Mwanzoni ilikuwa kama mchezo. Malachy alikuwa akigonga dirisha na kusema, "Pasipoti yangu hii hapa, afande," nao wakacheka mpaka yeye akaanza kukohoa.

Majira ya baridi yalipoingia, Fergal aliona kwamba kaka yake akishaingia garini hasemi neno kwa muda mrefu. Anakaa tu, mkono kifuani, midomo imebadilika rangi. Fergal aliona, na aibu ilimwingia, lakini alijishughulisha na kifuniko cha chupa. Alijua kinachompasa kusema, na kila alipotaka kukisema, alimimina chai badala yake.

Jumapili moja Malachy alishika mkate wake bila kuula.

"Fergal, wiki ijayo njoo nyumbani. Nitakaanga. Hizo pauni nane nitalipa mimi."

"Siyo pesa, Malachy."

"Najua siyo pesa. Ingekuwa pesa nisingekuomba."

Fergal alitazama mbele, kwenye bango la kijani. "Tutaona," akasema.

Malachy akampigapiga gotini, lile bovu, polepole. "Haya, kichwa ngumu. Tutaona."

Jumapili iliyofuata Fergal aliegesha palepale. Njiani alikuwa karibu ateremke hadi Digbeth. Alifika kwenye taa, akaliona bango, mkono ukakata usukani kuelekea uchochoroni kama kawaida yake. Akajiambia wiki ijayo. Akasubiri. Chai ikaanza kupoa. Alisikia king'ora cha gari la wagonjwa likipita chini kule, akainua sauti ya redio. Alimkasirikia Malachy kwa kuchelewa, akadhani amenuna, akala mkate mmoja kwa hasira. Wakati huohuo kaka yake alikuwa ameketi kwenye kituo cha basi chini ya kilima, kofia magotini, na mama mmoja asiyemfahamu alikuwa amemshika mkono. Alifia pale pale, kabla watu wa gari la wagonjwa hawajafungua mikoba yao.

Gráinne alikuja siku ya pili yake. Padre alikuwa ameuliza marehemu atavalishwa nini, na suti yake pekee ilikuwa kabatini, Digbeth. Baba na binti wakaingia kwenye Toyota, Fergal kwenye usukani. Hakuwasha gari. Uso wake ulikuwa umeporomoka, ndevu zimeota nyeupe.

"Walipe," akasema. "Lipa hizo nane. Lipa na za mwaka mzima wakitaka."

Gráinne akatoa simu. "Nitajie namba, Baba."

Akaitaja, herufi kwa herufi, kama mtoto anayesoma mbele ya darasa. Gráinne akaandika. Akasubiri. Kisha akaandika tena kuanzia mwanzo, na baada ya hapo akakisogeza kioo cha simu karibu na macho.

"Nini? Wamepandisha?"

"Baba, hawakudai."

"Leo hawadai?"

"Gari hili hawalidai. Ni la petroli, na mwaka wake uko ndani ya kiwango. Moshi wake hauna shida kwao." Akamgeuzia simu asome. "Halijawahi kudaiwa, Baba. Hata siku ya kwanza."

Fergal alimtazama kana kwamba hajui lugha anayosema. Akashusha macho kwenye kiti alichokalia binti yake, kiti cha pembeni, ambacho kitambaa chake kilikuwa kimebonyea kwa umbo la mtu mwingine.

"Yeye ndiye aliyechagua la petroli," akasema. "Yeye. Kwa kifua chake."

Gráinne alimshika bega, akataka kuendesha yeye. Fergal akakataa. Akateremka Camp Hill, akalipita bango la kijani, akapita chini ya kamera, na hakuna kilichotokea. Magari yaliendelea na safari zao. Alipita kituo cha basi bila kugeuza kichwa, lakini alikuwa akilia kwa sauti bila kujificha, jambo ambalo binti yake hakuwahi kuliona hata mama yake alipozikwa.

Walipokata kona ya mwisho, dirisha la ghorofa ya tatu lilikuwa wazi. Chini yake, katikati ya nafasi ya gari, ilisimama koni.

Jirani wa chini, aliyetoka kuwapa pole, aliona wanaishangaa. "Hiyo huiweka kila Jumapili kabla ya kutoka," akasema. "Nilimwambia, mzee, si mdogo wako haji siku hizi? Akasema huwezi jua, leo anaweza akaja."

Fergal alikuwa amesimamisha gari mbele ya koni, injini ikiunguruma. Alikaa akiutazama mlango wa ngazi, ambako Malachy alizoea kutokea. Gráinne akafungua mlango wake ili akaiondoe.

"Acha," baba yake akasema.

Akashuka mwenyewe, goti likimuuma, akaikumbatia ile koni kwa mikono yote miwili na kubaki amesimama nayo hapo chini ya dirisha.