Ramli ya Kichina Ndani ya Buti

Nilipokuwa nikisomesha chuoni Al Khoudh, nilileta nyumbani kitabu cha maelezo ya wanazuoni wa kale wa Kichina juu ya ramli yao. Mama alipokiona akawaka. "Ramli ndani ya nyumba yangu?" Nikamjibu kwa hasira kwamba wale walifundisha adabu na subira, hawakuwa wapiga bao. Hakutaka kusikia. Nikakitia ndani ya buti la gari.

Mdogo wangu alipolazwa hajitambui, Mama alinivuta pembeni pale hospitali. "Kile kitabu bado unacho, mwanangu? Nna khofu. Hebu mtazamie mwenzio."

Nikamwambia nimekitupa. Asubuhi ile ile, peke yangu garini, nilikuwa nimeshamtazamia mara tatu, na mara zote sikupenda nilichokisoma.