Aliyefeli maswali ya mtandaoni katoka anacheka

Mdogo wangu Neema aliambiwa asithubutu kufanya mtihani wa leseni ya uuguzi.

Wenzake wa kundi la kujisomea walisema ataaibika, maana kwenye maswali ya mtandaoni hakuwahi kufika hata nusu.

Leo nimemfuata Mikocheni mtihani ulipoisha. Wenzake walitoka wamenuna.

"Halijatoka hata swali moja la mtandaoni!" mmoja akalalamika. "Na mie nimeyakariri yote!"

Neema katoka anacheka.

"Dada, wameuliza wagonjwa wanne, muuguzi mmoja, naanza na nani. Si ndiyo zamu yangu ya mafunzo hospitali ya Temeke kila siku?"

Matokeo bado, na mimi sitabiri.

Ila jioni hii kundi zima linamwomba awaambie alijibu nini, wajilinganishe. Kawaandikia: "Si mlisema sijui?"

Mnaobisha kwamba zamu inafundisha kuliko kukariri, karibuni hapa chini.