Jina Lililogongwa Mezani

Katika shule moja ya mtaa wa Kasuku, mjini Kindu, Masudi alifundisha kuimba, somo ambalo wenzake walilihesabu kuwa mapumziko. Chama tawala kilipoagiza kila shule iwe na kikundi cha animasyon, cha kuimba na kucheza sifa za Kiongozi wa nchi, kazi ilimwangukia yeye. Wenzake wakamrundikia wanafunzi waliowashinda: wagomvi, watoro, wenye kununa. Masudi hakulalamika. Nusu saa waliimba sifa; kisha alifunga mlango, akawapa ngoma wagonge yaliyowakaa rohoni. Aliyezoea kupiga wenzake alipiga ngozi mpaka mikono ikalegea, akarudi darasani ametulia.

Majina hakuita. Kila mmoja aligonga lake, silabi kwa silabi.

Huo ulikuwa mwaka 1972, majina ya Kikristo yamepigwa marufuku. Claudine, aliyefiwa na mama yake kiangazi kile, aliandikwa Matata, jina la babu yake. Darasa likacheka. Tangu siku hiyo akiitwa haitiki, na karani wa shule, mtumwa wa karatasi, akamwandika hayupo ilhali pua yake anaiona. Siku arobaini nzima! Baraza la nidhamu likaitwa ili limfukuze.

Kwa Masudi, alikopelekwa pamoja na wagomvi, Claudine alikuwa amekaa wiki tatu bila kugusa ngoma. Kimya kingi kina mshindo mkuu: wiki ya nne aligonga mara nne. Ko-lo-di-na, kama mama yake alivyomwita. Masudi aligeukia ukuta, machozi yakimtoka.

Siku ya baraza, prefe, yaani mkuu wa shule, ambaye mpaka juzi juzi aliitwa Félicien, alifungua daftari.

"Matata."

Binti akagonga meza, mara nne.

"Anasema nini?"

"Anaitika, citoyen prefe. Njo jina yake," Masudi alijibu, akimwita citoyen, raia, kama Chama kilivyoagiza.

"Jina gani?"

"Ngoma haina batizo, citoyen. Inasema tu mutu iko."

Watu walikuwa wamepoteza kazi kwa maneno madogo kuliko hayo. Prefe alitazama picha ya Kiongozi ukutani, akalitazama daftari. Kidole chake kikagonga ukingo wa meza, polepole, mara tano. Masudi alihesabu: Fe-li-si-a-ni.

Kisha prefe akachukua kalamu, akazifuta siku zote arobaini.