Koti Lililoliwa na Kimeng'enya cha Baharini

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa glavu, Mama Chupa alibisha hodi kwenye friji ya maabara. "Hamjambo humo ndani?" Kisha akajiitikia mwenyewe: "Hatujambo." Ndipo akaanza kuosha chupa.

Miaka kumi na tisa aliziosha, macho wazi, mdomo umefungwa. Frijini mlikuwa na kimeng'enya kilichotolewa kwa vijidudu vya tope la bahari, kule chini kwenye baridi kali. Alikijua kuliko wataalamu wenye miwani. Kimejikunja vizuri kama shuka kabatini, na kina kishimo. Protini ikienea kishimoni, inakatwa. Isiyoenea inapita zake. Maji baridi ndiyo raha yake. Ya moto yanaufumua ule mkunjo, kazi kwisha. Alitamani jambo moja tu: siku moja neno lake nalo liandikwe kwenye daftari la maabara.

Mkuu wa maabara akataka kuwaonyesha wageni sabuni ya kimeng'enya hicho. Akaliloweka koti lake la sufu humo, kwa maji baridi, tangu jana yake.

"Bosi, sufu ni nywele za kondoo, protini tupu. Loweka pamba."

"Mama Chupa, tangu lini ndoo ikakifundisha kisima?"

Wageni walipofika akalivaa, linachuruzika. Akainua mkono kusalimu, mkono wa koti ukadondoka sakafuni pwata! Wageni wakapiga makofi. Akainua wa pili, nao ukafuata. Wakasimama kabisa kushangilia. Mmoja akauliza kama suruali nayo imelowekwa.

Walipoondoka, Mkuu akamwita Mama Chupa, daftari wazi, mabega wazi.

"Andika: mimi Mama Chupa nililichemsha koti. Usipoandika, huna kazi."

Mama Chupa akacheka hadi akashika meza. "Baba, ningelichemsha lingenywea tu. Kimeng'enya kingeharibika, na wewe ungekuwa na mikono."

"Mikono ninayo!"

"Ya koti, baba."

"Andika tu! Si ulitaka kuandikwa humu?"

Akautazama ukurasa, mweupe pe. Miaka yote hiyo, na leo ndio unamwita, tena kwa uongo. Akavua glavu moja, akavua ya pili, akaziweka juu ya ukurasa zikidondosha maji. Akachukua mkoba, akatoka.

Mkuu alibaki ameshika kalamu, akidhani ameenda msalani. Alimngoja hadi saa kumi. Kesho yake chupa chafu zilifurika sinki, na Mama Chupa hakuonekana tena.